Mtoto wa Pili Yuko Wapi?

Theodosia alijifungua mtoto wa kike kwa njia ileile aliyoiweka Mungu, ambayo kila mwanamke aliyeipitia ana maswali machache ya kumuuliza akifika mbinguni. Alipiga kelele, akamtukana mume wake ambaye hakuwepo, akamwomba Bikira Maria msamaha kwa matusi hayo, akatukana tena, na mtoto akatoka. Hakuna aliyemkata popote. Hakuna aliyemshona. Mkunga alimwambia, "Hongera, mama, wewe ni mashine," kisha akaenda zake kunywa chai.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya binafsi, pale mjini Ifakara, na jina lake tuliache kwa sababu mwenye nayo yuko hai na ana mawakili. Wenzake Theodosia, wasusi wa Kibaoni, walikuwa wanajifungulia serikalini. Lakini Fridolin, mume wake, alikuwa ameuza mpunga wake wakati bei imepanda, na mwanamume akiuza mpunga kwa bei nzuri kwenye bonde hili hupatwa na ugonjwa wa kutaka vigae. "Mwanangu atazaliwa kwenye vigae," alitangaza. Baada ya hapo akarudi zake Mngeta kuendesha trekta la watu, akamwachia mama yake kazi ya kuvisimamia hivyo vigae.

Mama yake aliitwa Ursula. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Mahenge na kiongozi wa akina mama parokiani. Aliweza kusali rozari nzima huku akigombana na muuza samaki, na asiruke Salamu Maria hata moja wala kuongezewa bei hata shilingi moja.

Vigae vilikuwepo kweli, sakafuni. Paa ndilo lililosahaulika. Ilikuwa masika, na usiku ule mvua ilipochachamaa maji yakaanza kudondoka juu ya kitanda cha Theodosia, tone baada ya tone, kwenye paji la uso. Nesi akamhamishia kitanda cha dirishani ambacho mwenye nacho alikuwa amepelekwa kupasuliwa. Asubuhi mwenye kitanda akarudishwa, mvua imekatika, wakamlaza pale palipokuwa pa Theodosia. Wanawake wawili wakawa wamebadilishana vitanda, na kwenye kompyuta kila mmoja akabaki alipokuwa. Hilo hakuna aliyelifikiria. Kila mtu alikuwa anatafuta ndoo.

Mwenye kitanda aliitwa Rabia, kutoka Mang'ula. Alikuwa amejifungua mapacha wa kiume kwa operesheni. Mumewe, Jofrey, alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari. Ndoa yao ilifungwa kwa mkuu wa wilaya, kwa kuwa padri na shehe, ambao hawajawahi kukubaliana jambo lolote, walikubaliana kuikataa.

Mwanzoni Ursula hakumpenda Rabia. Aliona kuzaa wawili kwa mpigo, tena wa kiume, pembeni ya mkwe wake aliyezaa mmoja, ni majivuno. Lakini Rabia hakuwa na ndugu wa kumletea chakula, na Ursula hana uwezo wa kumtazama mtu mwenye njaa. Akawa anapakua wali na perege sahani mbili, na uji wa pilipili manga vikombe viwili, huku akinung'unika kwamba yeye si mama lishe. Theodosia naye alimshikia pacha mmoja huku wa pili akinyonya, maana Rabia alikuwa hawezi kuinuka bila kuuma kitenge kwa maumivu. Walizungumza mambo ambayo wanawake huzungumza wakiwa wamelala ubavu: jinsi wanaume wanavyoonekana wajinga wakibeba beseni, na kama kweli kuna siku mtu atapiga chafya tena bila hofu.

Wote wawili wakapewa ruhusa siku ileile. Rabia alitangulia kutoka. Jofrey akalipa dirishani, akaenda kutafuta bajaji ya kuwapeleka kituo cha mabasi. Theodosia na Ursula wakafuata kwenye foleni.

Juu ya dirisha la malipo palibandikwa maandishi makubwa: TUNAHUDUMU KWA UPENDO. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya wino mzito: Hatukopeshi. Ndani alikaa mhasibu, kijana aitwaye Clinton, aliyechapisha karatasi na kuisukuma nje bila kuinua macho.

Theodosia akaisoma. Akaisoma tena. Kiasi kilichokuwa pale chini kingemaliza mpunga wote wa Fridolin na kuanza kula trekta la watu.

"Kaka, hii bili siyo yangu."

"Unaitwa nani?"

"Theodosia Raimundi."

"Hapo juu pameandikwa nani?"

"Theodosia Raimundi."

"Sasa?"

"Jina ni langu. Tumbo ndilo siyo langu. Hapa pameandikwa upasuaji. Mimi sijapasuliwa."

Clinton akaitazama kompyuta kama mtu anayemwuliza baba yake. "Mfumo unaonyesha umepasuliwa."

Ursula akasogea dirishani, mtoto kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema Clinton.

"Marahaba, baba. Huo mfumo ulikuwepo leba? Maana mimi nilikaa mlangoni mpaka miguu ikavimba, sikuuona ukiingia."

Foleni ikacheka. Clinton akarekebisha tai yake. "Mama, mfumo huwa haukosei."

"Basi utangazwe mtakatifu, tuupe na siku yake ya kusherehekea. Mwanangu, hebu mwonyeshe tumbo."

Siku nyingine Theodosia angekataa. Lakini alikuwa hajalala, maziwa yalikuwa yanalowesha blauzi, na aibu yake aliiacha leba pamoja na vitu vingine. Akainua blauzi kidogo. Clinton akajifunika uso kwa faili. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgonjwa akainama, akakagua, akatoa hukumu: "Zima hilo. Hata mkwaruzo." Mzee mwenye mkongojo akaomba apishwe ili naye athibitishe. Mkewe akamthibitishia kwa mkoba.

"Endelea kusoma," Ursula alisema.

Theodosia akasoma. "Tohara, watoto wawili."

Hapo Ursula akafanya jambo linalosimuliwa Ifakara mpaka leo. Alimlaza mjukuu wake kwenye ile meza ndogo ya dirishani, katikati ya risiti, akamfungua nepi.

"Tafuta," alimwambia Clinton. "Ukiona mahali mlipokata, nalipa sasa hivi, na sadaka juu."

Mtoto, ambaye hakuwa amefundishwa kuheshimu ofisi, akakojoa. Mkojo ukapita kwenye kitabu cha risiti, ukazunguka kikokotoo, ukashuka upande wa Clinton. Alirukia nyuma hadi kiti kikaanguka.

"Mama, mtoe mtoto hapa!"

"Huyu namtoa. Na mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Si mmeandika wawili?" Ursula alimfunga mjukuu wake taratibu, bila haraka, kisha akapaza ile sauti anayoitumia kuanzisha nyimbo kanisani. "Mmeandika mkwe wangu kazaa wawili. Mimi nimepewa mmoja. Naomba mjukuu wangu wa pili. Mtoto wa pili yuko wapi?"

Hapo kicheko kikakatika. Watu husamehe hospitali mambo mengi, ila mtoto kupotea hapana. Wanawake wakaanza kusogea. Mmoja akauliza kwa nguvu ni saa ngapi pacha alionekana mara ya mwisho, kana kwamba alishawahi kuonekana. Kijana mmoja akainua simu akaanza kurekodi, akieleza kwa sauti ya mtangazaji kwamba yuko mubashara kutoka Ifakara.

Alphonce, katibu wa hospitali, hakuwahi kutolewa ofisini na kilio cha mgonjwa. Kamera ilimtoa na kamba za viatu hazijafungwa.

"Ndugu zangu, hakuna mtoto aliyepotea," alisema, mikono juu. Akaingia ndani ya dirisha, akabonyeza kompyuta, akaita nesi, wakanong'ona. Alipotoka alikuwa na tabasamu la mtu aliyemeza mwiba wa samaki. "Ni hitilafu ndogo tu ya kibinadamu. Vitanda vilibadilishana."

"Hitilafu ndogo yenye mapacha," alisema Ursula.

"Tunaomba radhi. Bili yako, mama, itakuwa ya kujifungua kawaida, kiasi kidogo tu." Akageukia watu wote. "Sasa, nani alikuwa na mapacha pale wodini?"

Theodosia alielewa kabla swali halijaisha. Kama bili ya Rabia ilikuwa imemjia yeye, basi yake ilikuwa imekwenda kwa Rabia, na ndiyo ile ambayo Jofrey ameilipa. Akanyoosha mguu amkanyage mama mkwe wake, lakini mdomo wa Ursula una kasi kuliko mguu wa mzazi.

"Si yule Rabia! Yuko hapo nje kibarazani anasubiri—"

Mguu ukafika, umechelewa.

Alphonce alikuwa ameshamwashiria mlinzi afunge geti.

Rabia alikuwa amekaa kwenye benchi, pacha mmoja kila mkono, na bajaji imeshaingia uani inanguruma. Jofrey alikuwa anapakia beseni. Mlinzi alipoyashusha mabegi yao, Rabia hakulalamika. Alitazama tu, na Theodosia akaona kwamba mwenzake alikuwa anajua. Labda si kila kitu, ila alijua.

"Nilidhani wametuhurumia," alisema Rabia kwa sauti ndogo. "Niliona kiasi kidogo. Nikasema labda mapacha huwa wanapunguziwa."

"Mtu akikupunguzia humuulizi," Jofrey alisema, amesimama na beseni lake kichwani. "Mimi nilijua tutalipa nyingi. Nikaomba Mungu. Nikaona kajibu."

"Mungu hupunguza," Ursula alisema. "Hospitali haijawahi." Lakini alisema bila nguvu, na hakumtazama Rabia usoni.

Alphonce akaeleza kwa upole wa kutisha. Walicholipa kingehamishiwa kwenye bili yao halali. Kilichobaki kilikuwa kikubwa, na mama na watoto wasingeweza kutoka mpaka kilipwe. Wangerudi wodini. Na kila siku ya wodi, kwa bahati mbaya, nayo ingelipiwa.

"Yaani mnamfunga, halafu mnamtoza kodi ya gereza," alisema Theodosia.

"Dada, suala lako limekwisha," Alphonce alimjibu. "Lipa, nenda nyumbani, ulee."

Alikuwa amesema kweli. Theodosia alipompigia Fridolin, naye alisema yaleyale, sauti ikishindana na injini: lipeni, ondokeni, msijiingize kwenye ya watu. Theodosia alilipa. Alichukua risiti yake yenye unyevunyevu. Bajaji ya pili ikaja. Alisimama pale amemkumbatia mtoto, akijisikia vibaya namna ambayo hakuitegemea. Alikuwa amedai haki yake, ameipata, na haki hiyo ilikuwa imetolewa mgongoni mwa mwanamke aliyeshonwa tumbo.

"Mama," alimwambia Ursula, "ni wewe uliyemtaja."

"Najua ni mimi."

"Na mimi ndiye niliyeanza."

"Basi usinitazame hivyo. Twende." Ursula alianza kutembea, na Theodosia akafikiri wanaelekea kwenye bajaji. Lakini mama mkwe wake alikuwa anarudi dirishani, amejifunga kitenge upya kiunoni, kama anakwenda kupura mpunga.

Watu wote walikuwa bado pale. Hakuna aliyekuwa tayari kurudi kuumwa kabla ya kuona mwisho.

"Ile bili," Ursula alisema, "tuisome sasa na mwenyewe akiwepo."

"Bili ni siri ya mgonjwa," alisema Alphonce.

"Asubuhi nzima imesomwa hapa kwa jina langu," alisema Theodosia. "Siri ilishaisha. Rabia, unaruhusu?"

Rabia akatikisa kichwa kukubali. Theodosia akaanza.

"Upasuaji."

"Huo walinifanyia," alisema Rabia. "Sikatai. Dokta alifanya kazi yake."

"Tohara, watoto wawili."

Jofrey akashusha beseni. "Tohara? Nani kawapeleka?"

Ursula hakungoja ruhusa. Akafunua pacha wa kwanza, akafunua wa pili, akawafunika. "Wamefunikwa vilevile kama mahindi mabichi," alitangaza. Foleni ikapiga makofi. Alphonce akatazama juu, kwenye lile paa linalovuja, kana kwamba anatafuta msaada.

"Chumba cha mtu mmoja."

Nesi mwenyewe, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, akacheka kabla ya kujizuia.

"Glavu, pamba, vibanio vya kitovu."

"Nilivinunua mimi, duka la dawa hapo ng'ambo ya barabara," alisema Jofrey. "Walinirudisha mara ya pili kwamba glavu hazitoshi."

"Nilimwona," alisema Theodosia. "Alilowa mpaka nikamhurumia. Haya, na hii hapa. Chakula cha mzazi."

Ursula akainua kidole. "Simama hapo. Chakula gani?"

"Pameandikwa chakula tu, mama. Cha siku zote."

"Wali ule? Na perege?"

"Hospitali hii haipiki," alidokeza yule mama mwenye mtoto mgonjwa. "Hata jiko haina."

"Basi aliyepika ni mimi," alisema Ursula, akamnyooshea Alphonce kiganja. "Nilipwe mimi. Na samaki wamepanda bei."

Alphonce alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na ninaamini nyumbani kwake alikuwa baba mwema. Alikitazama kile kiganja muda mrefu. Nyuma yake Clinton, ambaye suruali yake ilikuwa bado haijakauka, alisema taratibu, "Bosi, hayo huwa yanaingia yenyewe. Ukibonyeza operesheni, yanakuja yote kwa pamoja."

"Kwa kila mtu?" aliuliza Theodosia.

Clinton akarudisha macho kwenye kompyuta, na jibu likaeleweka. Mzee mwenye mkongojo akatoa bili yake mfukoni na kuanza kuikunjua. Wengine nao wakaanza kupekua mikoba. Alphonce akaona wimbi linakuja, akachukua kalamu akakata tohara, chumba, vifaa, chakula, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa haraka ya mtu anayezima moto.

Kilichobaki kilikuwa cha kweli, nacho hakikuwa kidogo. Operesheni ilifanyika, Rabia na wanawe walikuwa hai kwa sababu hiyo, na hakuna aliyesimama kusema isilipwe. Jofrey aligeuza mifuko yake nje, mmoja mmoja, kama anayekaguliwa na polisi. Akasema ataweza kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

"Tutahitaji mdhamini," alisema Alphonce. "Mkazi wa Ifakara, mwenye biashara inayojulikana."

Jofrey hakuwa na mtu Ifakara. Rabia aliinama, akajifanya anamfuta pacha mate.

"Mimi nina saluni Kibaoni," alisema Theodosia.

"Mwanangu!" Ursula alimvuta pembeni. "Kupiga kelele ni bure. Hiyo nyingine ni hela. Unamfahamu huyu tangu lini?"

"Tangu leba."

"Mumeo atakuua."

"Mume wangu yuko Mngeta. Akifika nitakuwa nimeshazoea."

Akasaini. Ursula alisimama kando akiwa amevimba, lakini karatasi ilipopeperushwa na upepo wa feni, yeye ndiye aliyeishikilia kwa kidole ili mkwe wake aandike vizuri.

Fridolin hakumuua. Alinuna wiki nzima, na kwa kuwa alinunia Mngeta haikumsumbua mtu. Jofrey alilipa mwezi wa kwanza, akalipa na uliofuata. Mwezi wa tatu kazi ya miwa ikasimama kwa mvua, hakulipa, na Clinton akaja saluni, mpole, akamsalimia Ursula kutoka mbali kabisa. Theodosia alitoa fedha ya wateja wa siku mbili, akamlipa. Usidhani hakuumia. Siku ile alimsuka mtu mtindo wa twende kilioni kwa mikono mizito hadi mteja akalalamika anang'olewa kichwa. Alimwaza Rabia vibaya. Aliwaza kwamba pengine walikuwa wameshahama, wakacheka njiani.

Hawakuwa wamehama. Rabia alikuja mwenyewe, kiangazi kilipoanza, kwa basi la asubuhi, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na mfuko wa sukari kichwani ambao hakuna aliyeuliza ulitoka wapi. Alitoa ile fedha, imekunjwa kwenye pindo la kitenge, akaiweka mezani kati ya machanuo.

"Nilichelewa," alisema. "Mshono ulitunga usaha. Sikutaka kupiga simu nikuombe na huruma juu ya deni."

"Ungepiga."

"Ningepiga ningelia."

Ursula aliwabeba mapacha wote wawili bila kuombwa, akatoka nao nje kuwaonyesha majirani. Kwa muda ule aliwaambia watu ni wajukuu zake, na asiyejua aliamini.

"Kaa hapa," Theodosia alisema, akavuta kiti. Alikifungua kilemba cha Rabia. Nywele zilikuwa zimefungamana kama shamba lililoachwa, kichwa cha mtu ambaye kwa miezi hajapata mikono ya kujihudumia mwenyewe. Theodosia akapaka mafuta, akaanza kuchana kutoka kwenye ncha, polepole. Alikuwa na maneno ya kumwambia, mengine makali. Lakini alipofika katikati, shingo ya Rabia ililegea na pumzi ikabadilika. Alikuwa amelala, amekaa wima, mdomo wazi kidogo.

Theodosia akakiegemeza kichwa kile kwenye tumbo lake, akaendelea kusuka.